Kuunganisha kompyuta mpakato na vidhibiti vya mashine

Kuunganisha kompyuta mpakato na vidhibiti vya mashine ni kazi ya kuanzisha mawasiliano kati ya kompyuta ya fundi (laptopu) na vifaa vinavyoongoza mitambo ya kiwandani. Lengo ni kusoma programu iliyomo ndani ya kifaa, kutafuta hitilafu, kubadilisha programu au kuhifadhi nakala yake. Kazi hii hufanyika katika viwanda vya saruji, sukari na vinywaji, katika vituo vya kusukuma maji, na popote mashine inapojiendesha kwa programu.

Vifaa vinavyohusika

Kidhibiti kinachoprogramiwa, ambacho mafundi hukiita PLC kwa kifupi, ni kompyuta ndogo iliyotengenezwa kuvumilia joto, vumbi na mtetemo. Hupokea ishara kutoka kwenye vihisi na swichi, huzipitisha katika programu yake, kisha huamuru mota, vali na taa. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde.

Paneli ya mwendeshaji, inayojulikana kama HMI, ni skrini ambayo mfanyakazi huitumia kutazama hali ya mtambo na kutoa amri. Kwa kawaida paneli haiendeshi mtambo yenyewe, bali husoma na kubadilisha namba zilizomo ndani ya kidhibiti. Kila kimoja kati ya vifaa hivi viwili kina programu yake. Kwa sababu hiyo, aliyehifadhi nakala ya programu ya kidhibiti bado hajahifadhi ile ya paneli.

Kompyuta mpakato si sehemu ya mtambo. Ikichomolewa, kidhibiti huendelea na kazi kama kawaida.

Historia

Kabla ya vidhibiti hivi, mashine ziliongozwa na makabati yaliyojaa relei. Kubadilisha utaratibu wa kazi kulihitaji kufungua na kufunga upya nyaya nyingi. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha kampuni ya General Motors nchini Marekani kilitafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya relei. Kampuni ya Bedford Associates, ambamo Dick Morley alifanya kazi, ilitoa kidhibiti kilichoitwa Modicon 084.

Mwanzoni kila kampuni iliuza mashine yake maalumu ya kuandikia programu, ambayo ilikuwa nzito na ya bei kubwa. Baadaye kompyuta za kawaida zilichukua nafasi hiyo. Mwaka 1979 Modicon ilitoa itifaki ya Modbus, ambayo bado inatumika na vifaa vya kampuni nyingi. Mwaka 1993 ilitolewa kanuni ya kimataifa IEC 61131-3 kuhusu lugha za kuprogramia vidhibiti. Hata hivyo, kanuni hiyo haikufanya kebo na programu za kampuni zote zifanane.

Masharti ya mawasiliano

Ili kompyuta na kidhibiti viwasiliane, mambo matatu yanapaswa kukubaliana kwa pamoja: umeme wa kebo, mpangilio wa mawasiliano, na programu iliyomo kwenye kompyuta. Moja likikosekana, kompyuta hutoa ujumbe uleule kwamba kifaa hakipatikani. Ndiyo maana ni vema kuyakagua moja baada ya jingine kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kebo. Mfumo wa RS-232 hutuma ishara kwa kubadilisha voliti kati ya chanya na hasi, na umbali wake wa kawaida ni hadi mita 15 hivi. Mfumo wa RS-485 hutumia tofauti ya voliti kati ya nyaya mbili, nao unaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo na kuunganisha vifaa vingi kwenye njia moja. Vidhibiti vya zamani vya Siemens Simatic S5 hutumia mkondo wa miliampea 20, kwa hiyo huhitaji kigeuzi.

Umbo la plagi halitoshi kuonyesha aina ya mawasiliano. Vidhibiti vya Siemens S7-300 vina tundu la pini 9 linalofanana na lile la RS-232, lakini ndani yake ni RS-485, na pini mojawapo hubeba voliti 24. Kebo ya kawaida inaweza kuingia vizuri, isifanye kazi, na hata ikaharibu kompyuta. Kompyuta nyingi za sasa hazina tena tundu la pini 9, hivyo fundi hutumia kigeuzi cha USB. Kigeuzi hicho huhitaji programu yake ya kukiendesha, na kompyuta hukipa namba ya mlango, kwa mfano COM3. Namba hiyohiyo ndiyo inayopaswa kuchaguliwa katika programu ya kidhibiti.

Jambo la pili ni mpangilio wa mawasiliano. Katika njia za nyaya kama RS-232 na RS-485, pande zote mbili zinapaswa kutumia kasi moja na mpangilio mmoja wa biti. Kwa mfano, mlango wa kuprogramia wa vidhibiti vya Mitsubishi vya jamii ya FX kwa kawaida hutumia kasi ya 9,600, biti 7 za data, biti ya ukaguzi ya shufwa, na biti 1 ya kumalizia. Kila kifaa kwenye njia ya pamoja kinapaswa pia kuwa na anwani yake. Katika vifaa vya Siemens vya S7, anwani za awali ni 0 kwa kompyuta, 1 kwa paneli na 2 kwa kidhibiti.

Katika mtandao wa Ithaneti hutumika anwani za IP. Kama kidhibiti kina anwani 192.168.0.1, na namba ya kugawa mtandao ni 255.255.255.0, kompyuta inaweza kupewa 192.168.0.10. Sehemu tatu za mwanzo zinafanana, na ya mwisho inatofautiana. Vifaa viwili vikipewa anwani moja, mawasiliano hukatika au huyumba, na mtambo unaotegemea mtandao huo unaweza kusimama. Kwa hiyo orodha ya anwani zinazotumika inapaswa kutazamwa kabla ya kuchomeka kebo.

Jambo la tatu ni programu. Kila kampuni ina programu yake ya kuandikia, na mara nyingi toleo lake ni muhimu. Mradi ulioandikwa kwa toleo jipya huenda usifunguke katika toleo la zamani. Baadhi ya programu za miaka mingi hazikubali mfumo endeshi wa kisasa, ndiyo maana viwanda vingine hutunza kompyuta ya zamani kwa ajili ya mashine moja tu.

Kupakua na kupakia

Katika matumizi ya kila siku, kupakua ni kuleta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta. Katika programu nyingi za vidhibiti mwelekeo ni kinyume: kupakua ni kutuma programu kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kidhibiti, na kupakia ni kuisoma kutoka kwenye kidhibiti kuja kwenye kompyuta. Anayekosea mwelekeo anaweza kufuta programu inayoendesha mtambo na kuweka mahali pake mradi wa zamani au mtupu. Kama hakuna nakala nyingine, programu hiyo imepotea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza baada ya kuunganisha ni kusoma na kuhifadhi kilichopo, kabla ya kubadilisha chochote. Hata hivyo, nakala inayosomwa kutoka kwenye kifaa huweza kuwa na upungufu. S7-300, kwa mfano, haihifadhi maelezo ambayo mwandishi aliyaandika pembeni ya programu. Paneli nyingi hazirudishi mradi wa asili usipokuwa umehifadhiwa humo kwa makusudi. Vidhibiti vingine vya zamani hutunza programu kwa betri, na betri ikiisha wakati umeme umekatika, programu hufutika. Nakala rudufu yenye tarehe, iliyotunzwa nje ya kompyuta ya fundi, ndiyo kinga ya kiwanda.

Usalama

Kabati la kidhibiti huweza kuwa na umeme wa voliti 230 au zaidi karibu na nyaya za voliti 24. Milango ya baadhi ya vidhibiti haijatenganishwa kiumeme na mzunguko wa ndani. Tofauti ya ethi kati ya kabati na chaja ya kompyuta huweza kupitisha mkondo kwenye kebo na kuunguza mlango. Kigeuzi chenye kitenganishi huzuia jambo hilo.

Hatari kubwa zaidi ni kwa watu. Kutuma programu mpya huweza kusimamisha kidhibiti ghafla, na kulazimisha tokeo kwa kompyuta huweza kuwasha mota bila mtu aliye kwenye mashine kutarajia. Kwa hiyo mabadiliko hufanywa kwa ruhusa, baada ya watu kuondoka na nguvu ya mashine kufungiwa.

Kompyuta ya fundi ni mlango wa mashambulizi pia. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010, vilienea kwa njia zikiwemo diski za USB na kubadilisha faili ambalo programu ya Step 7 ya Siemens hulitumia kuwasiliana na kidhibiti. Kwa njia hiyo mhandisi hakuweza kuona mabadiliko yaliyofanywa. Mwaka 2017 kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudia kilishambuliwa katika vidhibiti vyake vya usalama vya Triconex. Ufunguo wa vidhibiti hivyo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramia. Vidhibiti vingi vina ufunguo wa namna hiyo, na kazi ikiisha unapaswa kurudishwa kwenye nafasi ya kuendesha, kisha kutolewa na kutunzwa.