Chumvi iliyouzwa kabla haijafika

Kijana wa dukani nusura afukuzwe kazi. Simu ya tajiri wake ilionyesha kwamba magunia ya chumvi yaliingia ghalani saa nne na dakika ishirini asubuhi, na la kwanza likauzwa saa tatu na dakika arobaini. Gunia linauzwaje kabla halijafika? Tajiri akaona jibu ni moja tu: kijana ana mzigo wake wa pembeni, anauuza humo humo.

Aliyemwokoa ni fundi wa programu mwenye chumba kidogo Bwera, ndiye aliyeandika programu ya duka hilo la Mpondwe. Nilimfuata nikitaka habari za bei ya kutengeneza tovuti. Kisa cha chumvi alikitaja kwa kupita tu, nami nikamwomba akirudie tangu mwanzo.

Mto Lhubiriha ndio mpaka wa Uganda na Kongo, na Mpondwe iko upande wa Uganda. Ng'ambo ni Kasindi. Bakonzo wa huku na Banande wa kule ni ndugu, lugha yao karibu ni moja, wanaoana na kuzikana. Saa ndiyo inayowatenganisha: Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima. Wafanyabiashara wamezoea, wakiagana huulizana kama ni saa ya huku au ya kule. Simu haiulizi. Mnara wa Kasindi ukizidi nguvu, simu inaukamata na kupokea saa ya Kongo bila kumwarifu mwenyewe. Simu ya ghalani, nyuma ya ukuta, ilibaki Uganda. Ya mlangoni ilikuwa imeshavuka mpaka. Gunia liliuzwa saa nne na dakika arobaini, sawasawa kabisa.

Dawa ya vitabuni, anasema fundi, ni nyepesi: programu itunze saa ya Greenwich, kisha kila mtu aonyeshwe saa ya kwake. Akafanya hivyo. Baada ya muda hesabu zikavurugika tena, na safari hii alikaa dukani asubuhi nzima akiangalia vidole vya muuzaji. Ndipo alipoona. Muuzaji, akikuta simu imerudi nyuma, alikuwa akiingia kwenye mipangilio na kuisogeza mbele kwa mkono. Simu ikaendelea kuamini kwamba iko Kongo huku kioo chake kikisoma saa ya Uganda, kwa hiyo hata hesabu yake ya Greenwich ikapotoka kwa saa nzima. Muuzaji hakukosea lolote. Aliona saa mbaya, akairekebisha, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Sasa kila simu inayapa mauzo yake namba kwa mfuatano, na inapopata mtandao seva inalinganisha saa ya simu na ya kwake kabla ya kupanga hesabu. Bado kuna tundu: saa ikibadilika kati ya mauzo na kupata mtandao, kosa linapenya. Na mtandao haupatikani kila dakika. Tangu kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza mwaka 2018 kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, kisha asilimia 12 juu ya bando kuanzia Julai 2021, wateja wake wengi wamezoea kufunga data mchana na kuifungua jioni. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, simu za madukani zilibeba mauzo ya siku kadhaa bila kuonana na seva. Kuyapanga upya, anasema, kulimpa usiku mrefu.

Kazi hii hakuna aliyemlipa. Nilipouliza kwa nini, alishangaa: angemwambiaje mteja alipie saa? Mteja analipia anachokiona. Mwenye nyumba ya wageni mjini Kasese hulipia picha ya theluji ya Rwenzori ikifunguka vizuri kwenye simu. Hutoa nusu ya malipo mwanzoni, na nusu ya pili hufukuziwa kwa miezi. Wengi huichukulia tovuti kama kibao cha duka: kikishachorwa, kimekwisha. Lakini seva iko ng'ambo ya bahari, inalipiwa kila mwaka kwa dola, na mara nyingi dola hizo hutoka mfukoni mwa fundi kwanza.

Yako makampuni makubwa Kampala yenye programu za maduka zilizo nzuri kuliko yake, mwenyewe anakiri. Mimi nazitilia shaka hapo Mpondwe. Yake ina hata kisanduku cha kuandika hali ya noti, kwa sababu Kongo dola iliyochanika kidogo tu hukataliwa, na jioni mwenye duka anataka kujua amebaki na ngapi za namna hiyo. Maarifa hayo yamo kichwani mwa mtu mmoja. Akiugua, au akihamia Kampala kama wenzake, nani atajua kwa nini namba za mauzo zimepangwa vile?

Nilimuuliza pia kuhusu EFRIS, risiti za kielektroniki ambazo tangu Januari 2021 ni lazima kwa waliosajiliwa VAT. Duka likifungua tawi Kasindi na kuweka hesabu zote pamoja, siku ya biashara itafungwa kwa usiku wa manane wa nani? Alifungua daftari akaniandikia majibu mawili, kisha akayafuta yote mawili.

Anafikiria kuanza kutoza ada ya matunzo kila mwezi. Yule tajiri wa chumvi ndiye atakayeambiwa kwanza.