Rushwa katika Kamari ya Michezo na Amri ya Saba

Mara nyingi tunaupima uovu kwa hasara inayoonekana. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Kamari ya Uingereza ya mwaka 2005 chakataa kipimo hicho: anayedanganya katika kamari, au anayemsaidia mwingine kudanganya, ana hatia hata kama hakuna alichoshinda.

Mwezi Agosti 2010, jijini London, warushaji mpira wawili wa timu ya kriketi ya Pakistan waliuvuka mstari kwa makusudi mara tatu, kwa mapatano ya fedha. Novemba 2011 wao na nahodha wao walihukumiwa kifungo kwa kula njama ya kudanganya na kupokea rushwa. Haikuhitajika kuthibitisha kwamba matokeo ya mchezo yaligeuzwa.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther afundisha kwamba Amri ya Saba yakataza pia kujipatia mali ya jirani kwa biashara ya hila. Basi tunapowafundisha vijana wa sharika zetu, tusiwaache wadhani kwamba kosa dogo lililolipiwa halimdhuru mtu. Sheria ya nchi huuzuia mkono. Kuugeuza moyo ni kazi ya Injili, nayo tumekabidhiwa sisi tuihubiri.