Dawa Moja, Bei Mbili: Mkulima Afanye Nini?

Mkulima wa Sachangwan mwenye kondoo anajua hasara ya minyoo. Mvua za masika zikizidi, majani yakawa mabichi na ardhi ikalowa, wana-kondoo huanza kuharisha, manyoya hupoteza uzuri wake, na baadhi yao huvimba chini ya taya. Hapo hapana nafasi ya kungoja. Lazima dawa ipatikane.

Basi mzee mmoja alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji akamwekea chupa mbili juu ya meza.

"Hii ya kwanza ni ya kampuni iliyoanzisha dawa hii, mzee," akasema. "Na hii ya pili ni dawa ile ile, ila imetengenezwa na watu wengine. Bei yake ni karibu nusu."

Mzee akazigeuza chupa zote mbili. "Ikiwa ni ile ile, kijana wangu, mbona bei ni nusu? Usije ukaniuzia maji."

Swali la mzee ni zuri, na wakulima wengi wa skimu hujiuliza hivyo hivyo. Wengine, kwa hofu, hununua chupa ya bei kubwa, kisha huigawa kidogo kidogo ili iwatoshe kondoo wote. Hilo ni kosa kubwa. Dawa pungufu haiui minyoo yote. Ile inayobaki ni ile sugu, na ndiyo itakayozaa. Kwa hiyo yafaa kila mkulima aelewe kwa nini dawa moja huwa na bei mbili.

HATAZA NI NINI?

Mtu akivumbua kitu kipya, kama dawa au mashine, anaweza kuiomba serikali ampe hati inayoitwa hataza. Hati hiyo humpa haki ya kuwazuia watu wengine wasikitengeneze wala kukiuza kitu hicho bila ruhusa yake. Hapa Kenya hati hizo hutolewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, yaani KIPI, iliyoko Nairobi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2001.

Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi hulazimika kuandika wazi jinsi kitu chake kinavyotengenezwa, ili muda ukiisha watu wengine waweze kukitengeneza. Ni kama shamba la kukodi. Mpangaji hulitumia peke yake kwa miaka aliyopewa. Mkataba ukiisha, haliwi lake tena.

Miaka yenyewe ni 20, nayo huhesabiwa tangu siku ombi lilipowekwa, si tangu siku dawa ilipofika dukani. Kwa kuwa kuijaribu dawa huchukua miaka mingi, mara nyingi kampuni huanza kuuza wakati sehemu kubwa ya muda wake imekwisha pita. Hiyo ni sababu moja ya bei ya kwanza kuwa kubwa. Sababu nyingine ni kwamba muuzaji ni mmoja tu, na mnunuzi hana pengine pa kwenda.

BIKONI ZA HATAZA

Wakulima wa skimu wanajua kwamba shamba lina bikoni. Ndani ya bikoni ni kwako, nje si kwako. Hataza nayo ina bikoni zake, nazo ni maneno yaliyoandikwa katika hati: mvumbuzi anadai kitu gani hasa. Anaweza kudai dawa yenyewe, au njia ya kuitengeneza, au namna ya kuichanganya na kitu kingine. Asichokidai si chake.

Tena hataza haivuki mpaka wa nchi. Hati iliyotolewa Marekani haina nguvu Molo. Atakaye haki Kenya lazima aiombe Kenya, au apitie shirika la ARIPO lililoko Harare, ambalo hupokea maombi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Na kila mwaka lazima alipe ada. Asipolipa, haki yake huanguka.

Makampuni mengine, muda unapokaribia kwisha, huomba hataza mpya kwa ajili ya dawa ya zamani iliyobadilishwa kidogo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu kabisa ya India iliikatalia kampuni ya Novartis ombi la namna hiyo juu ya dawa ya saratani iitwayo Glivec. Lakini hata hati mpya ikitolewa, hailifufui lile dai la kwanza lililokwisha. Dawa ya mwanzo inabaki kuwa ya kila mtu.

MFANO WA DAWA YA MINYOO

Turudi kwenye chupa za mzee. Zote mbili zina ivamektini. Kwenye karatasi ya chupa utaona imeandikwa "ivermectin". Asili ya dawa hiyo ni udongo wa Japani. Mtaalamu Satoshi Ōmura alikusanya vijidudu vya udongo, na mwenzake William Campbell wa kampuni ya Merck huko Marekani akaona kwamba kimoja hutoa kitu kinachoua minyoo ya wanyama. Dawa ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa jina la Ivomec, na mwaka 2015 wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Muda wa hataza ya dawa hiyo ulikwisha zamani. Basi viwanda vingi vikaanza kuitengeneza, kila kimoja kikiweka jina lake. Dawa kama hizo huitwa dawa za jeneriki. Viwanda hivyo havikuhitaji kuvumbua upya, na vinashindana sokoni. Ndiyo maana bei ilishuka.

Kitu kimoja tu hakikwisha, nacho ni jina la biashara. Jina ni kama chapa ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe: huonyesha mwenyewe. Hapa Kenya huandikishwa kwa miaka 10, kisha huweza kuandikishwa tena na tena. Kwa hiyo kila mtu anaweza kutengeneza ivamektini, lakini asiyeruhusiwa hawezi kuiita Ivomec.

JENERIKI SI BANDIA

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Dawa ya jeneriki ni dawa halali iliyotengenezwa na mtu mwingine, kwa jina lake mwenyewe. Dawa bandia ni udanganyifu: chupa ina jina la watu, na ndani hamna dawa au imo pungufu.

Jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Maneno yake yalikuwa mapana mno, hata dawa halali za jeneriki zingeweza kukamatwa pamoja na za bandia. Mwaka 2009 Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi walikwenda Mahakama Kuu. Walisema kwamba uhai wao unategemea dawa za bei nafuu.

Hawakutia chumvi. Mwaka 2000 dawa za Ukimwi za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Wakati huo sheria ya India haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, bali kwa njia ya kuitengeneza tu. Kwa hiyo kampuni ya Cipla iliweza kutengeneza dawa hizo, na mwezi wa Februari 2001 ikatangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Kufikia mwaka 2017 bei ya dawa iliyo bora zaidi ilitangazwa kuwa dola 75 hivi kwa mwaka, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohusika.

Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Alisema kwamba vifungu vile vilitishia haki ya uhai, heshima na afya iliyomo katika Katiba, na kwamba jeneriki na bandia ni vitu viwili tofauti. Akasema pia kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kutangulia mbele ya uhai wa watu.

Hataza na jeneriki zote zina kazi. Bila hataza, ni nani atakayetumia fedha na miaka kutafuta dawa mpya? Na bila mwisho wa hataza, mkulima mdogo na mgonjwa maskini wangeipata lini?

UNAPOKWENDA DUKANI

1. Soma jina la dawa yenyewe, si jina la biashara tu. Kisha linganisha nguvu yake. Chupa mbili za sindano zenye ivamektini asilimia 1 zina nguvu sawa.

2. Tazama namba ya usajili, jina la kiwanda na tarehe ya mwisho. Kama havipo, usinunue, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

3. Nunua katika duka lenye leseni, si kwa mtu anayepita na mkoba siku ya soko. Dai risiti na uitunze.

4. Pima dawa kwa uzito wa mnyama. Ivamektini ya sindano ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Usikisie.

5. Soma onyo kuhusu maziwa na nyama. Tena kumbuka kwamba ivamektini peke yake haiui minyoo ya ini wala tegu. Ukiona dalili hizo, mwite daktari wa mifugo.

Yule mzee alizisoma chupa zake zote mbili. Jina la dawa lilikuwa moja, nguvu ilikuwa moja, na namba ya usajili ilikuwapo kwenye kila moja. Alinunua ile ya bei nafuu, na kwa fedha iliyobaki akaongeza chupa nyingine, ili kila kondoo apate kipimo chake kamili.