Mtoto na Chama cha Wazazi Wake

Mwaka 1951 kijana wa Kimarekani aitwaye William F. Buckley, mwenye umri wa miaka 25, alichapisha kitabu cha kuwashutumu walimu wa Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu mwaka mmoja tu kabla. Alidai kwamba walikuwa wakiidhoofisha imani ya Kikristo na kuitukuza mno mikono ya serikali katika uchumi. Kitabu hicho kilimpatia jina mara moja. Mwaka 1955 akaanzisha jarida la National Review, lililokuja kuwa sauti kuu ya wahafidhina wa Marekani. Wasomaji wake waliyapokea maoni yake kama matunda ya hoja. Lakini hoja hizo alizipata wapi?

Buckley alikuwa mtoto wa sita kati ya kumi. Baba yake, mwanasheria na mfanyabiashara wa mafuta kutoka Texas, aliishi Mexico wakati wa mapinduzi, akayapinga, na mwaka 1921 akafukuzwa nchini humo. Wanawe walisomeshwa nyumbani na walimu wa kukodiwa, na wakati wa chakula walitarajiwa kusema na kutetea walichokisema. Dada yake William, Priscilla, alikuwa mhariri katika jarida lile lile. Kaka yake James alichaguliwa kuwa seneta mwaka 1970 kwa tiketi ya Chama cha Conservative cha New York. Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hata hivyo, jamaa moja, hata iwe mashuhuri namna gani, haitoshi kuwa ushahidi. Yabidi wapimwe wengi.

Kipimo hicho kilifanywa mwaka 1965 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na M. Kent Jennings. Waliwahoji wanafunzi 1,669 wa mwaka wa mwisho katika shule za sekondari 97, kisha wakawahoji wazazi wao mbali, ili mzazi asimsemee mtoto wala mtoto asimsemee mzazi. Majibu yalilinganishwa kwa kipimo ambacho huwa 0 pasipo uhusiano wowote, na 1 panapokuwa na ulinganifu kamili. Kuhusu chama, kipimo kilikuwa 0.47. Ni wanafunzi 7 tu katika kila 100 waliokuwa wamevuka kabisa, mzazi akiwa Republican na mtoto Democrat, au kinyume chake. Wengi wa wale waliotofautiana na wazazi hawakukimbilia upande wa pili, bali walisimama katikati, wakijiita watu wasio na chama.

La kustaajabisha zaidi ni yale ambayo hayakurithiwa. Kuhusu suala la kuchanganya watoto weupe na weusi shuleni, kipimo kilishuka hadi 0.34, kuhusu sala shuleni, 0.29. Walipoulizwa kama mtu aruhusiwe kuhutubia dhidi ya dini, kilikuwa 0.05, yaani karibu na hakuna. Mtoto alikuwa amepokea jina la chama kuliko alivyopokea mawazo ambayo chama hicho chadaiwa kuyasimamia!

Sababu yake si ngumu kufahamika. Jina la chama ni fupi, hutajwa kila uchaguzi, na hufuatana na furaha au huzuni ya wakubwa usiku wa matokeo. Mtoto wa miaka minane huweza kujua kwamba «sisi ni Democrat» kama ajuavyo dhehebu la nyumbani kwao. Rai ya mzazi juu ya uhuru wa kusema, kwa upande mwingine, huenda isitamkwe hata mara moja mbele yake. Ndiyo maana urithi huu huwa na nguvu pale ambapo baba na mama wana chama kimoja, na siasa ni mazungumzo ya kawaida.

Mwanafunzi wa bayolojia aweza kuuliza kama ulinganifu huo hautokani na damu badala ya malezi. Swali hilo ni la haki. John Alford na wenzake walilijibu mwaka 2005 kwa kuwalinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana. Katika misimamo juu ya masuala mbalimbali, urithi wa kimwili ulionekana kuwa na sehemu kubwa. Katika uaminifu kwa chama, sehemu yake ilikuwa ndogo, na mazingira ya nyumbani yakatangulia.

Nyumba, basi, hutoa jina. Shule na marafiki huweza kulifuta. Katika Chuo cha Bennington, Vermont, walikosoma mabinti wa matajiri, Theodore Newcomb aliona kwamba katika uchaguzi wa mwaka 1936 wanafunzi wapya 62 katika 100 walimuunga mkono Landon wa Republican, kama wazazi wao. Miongoni mwa waliokaa chuoni miaka miwili au zaidi, walikuwa 15 hivi.

Tena kuna jambo ambalo wataalamu wa awali hawakulitarajia. Elias Dinas aliyachambua upya majibu ya wanafunzi wale wa mwaka 1965, ambao walikuwa wamehojiwa tena mwaka 1973, 1982 na 1997. Mwaka 2014 alieleza kwamba watoto wa wazazi wapenda siasa sana ndio waliokishika zaidi chama cha nyumbani utotoni, na ndio hao hao waliokuwa wepesi zaidi kukiacha walipokuwa watu wazima. Wazazi hao walikuwa wamewapa zawadi mbili kwa mkono mmoja: chama, na mazoea ya kubishana. Kijana mwenye mazoea hayo hufuatilia mambo, hukutana na hoja mpya, na mara nyingine hoja hizo humshinda.

Buckley mwenyewe aligombea umeya wa New York mwaka 1965 dhidi ya mgombea wa Republican, kwa kumwona si mhafidhina wa kweli. Mwaka 2004 alikiri kwamba alikosea kuipinga serikali kuu ilipoingilia kati kukomesha ubaguzi wa rangi katika majimbo ya Kusini. Alifariki Februari 2008. Oktoba ya mwaka huo huo mwanawe Christopher, mwandishi kama baba yake, alitangaza kwamba angempigia kura Barack Obama wa Democratic, na safu yake katika jarida alilolianzisha baba yake ikakoma.