Kupima Mkono Baada ya Kiharusi: Fedha Yako Iende Wapi?

Kliniki, mama aliyepata kiharusi akiambiwa ainue mkono, huuinua kidogo. Akirudi nyumbani, mkono uleule unashinda umelala mapajani. Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, alieleza sababu: mgonjwa hujaribu, hushindwa, mwishowe huzoea kutoutumia mkono dhaifu, na ule mzima huchukua kazi zote. Kwa hiyo familia inayogharamia mazoezi ina maswali mawili: mkono unaweza nini, na unafanya nini kutwa? Hakuna kipimo kimoja kinachojibu yote mawili.

Kipimo cha kliniki
Kinachotumika sana ni Fugl-Meyer, cha mwaka 1975, chenye alama 66 kwa mkono. Unalipia muda wa mtaalamu. Unapata picha nzuri ya uwezo, lakini hutajua kama mkono unafanya kazi yoyote jikoni.

Maswali
Dodoso la MAL, kutoka kwa kundi la Taub, huuliza kuhusu kazi kama kuwasha taa na kuvuta droo. Kila kazi hupewa alama 0 hadi 5, mara mbili: mkono unatumika kiasi gani, na unafanya vizuri kiasi gani. Gharama ni muda na karatasi. Udhaifu wake ni kutegemea kumbukumbu, na mgonjwa aliyepoteza usemi atahitaji mlezi amjibie. Mkono uliopooza sana unaweza kuambulia sifuri karibu kila mahali, kwa hiyo muulize mtaalamu kuhusu toleo lililotungwa kwa walioathirika zaidi.

Akselerometa
Ni kifaa kidogo kinachovaliwa kama saa. Huvaliwa mikono yote miwili ili mwendo wa mmoja ulinganishwe na wa mwingine, kwani mtu mzima mwenye afya hutumia mikono yake kwa saa zinazokaribiana. Vifaa vya watafiti hugharimu mamia ya dola, na unahitaji viwili pamoja na programu ya kusoma takwimu. Saa ya kawaida ya mazoezi ni nafuu, ila imeundwa zaidi kuhesabu hatua. Tena mkono ukining'inia ndani ya daladala kwenye barabara mbovu, kifaa huandika mwendo. Ukikandamiza bakuli kwa utulivu, hakiandiki kitu, ilhali kushikilia kitu kisisogee ni miongoni mwa kazi ambazo mkono dhaifu sana huweza kuzimudu.

Daftari
Chagueni kazi tano za nyumba yenu: kuzuia bakuli la unga lisizunguke, kubana kanga kwapani, kukandamiza karatasi, kubeba mfuko mwepesi kwenye kiwiko, kuingiza mkono kwenye shati. Kila jioni wekeni alama daftarini kwa zile ambazo mkono dhaifu umezifanya. Mara moja kwa wiki, mgonjwa akiridhia, mrekodini kwa simu. Msichague sufuria ya moto, maana mkono usiohisi huungua bila mwenyewe kujua.

Ushauri wangu
Kwa mkono uliopooza sana, anzeni na daftari na maswali, na fedha iliyobaki ilipe mazoezi. Kifaa kina maana mkono ukishaanza kunyanyuka wenyewe, na kuwe na mtaalamu wa kukisoma. Hadi hapo, mkono uliozuia bakuli lisizunguke umefanya kazi, na kazi hiyo mtaiona daftarini tu.