Papasi si Kupe wala Kunguni

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya wadudu wanaomdhuru binadamu: mbu, chawa, kiroboto, tekenya, mbung'o na wengineo. Majina haya hayakutolewa ovyo. Kila moja limebeba ujuzi wa watu waliomjua mdudu mwenyewe, makao yake na madhara yake. Hata hivyo, wako wasemaji wanaoyachanganya majina matatu, yaani kunguni, kupe na papasi, na mchanganyiko huo waweza kumgharimu mtu uhai wake.

Kunguni ana miguu sita. Hujificha kitandani na kuumwa naye huwasha mno, lakini hajulikani kuwa mwenezaji wa homa. Kupe na papasi ni wa jamii moja na buibui, nao wakikomaa huwa na miguu minane. Kupe ana gamba gumu mgongoni, na akimpata mnyama humng'ang'ania siku kadhaa akifyonza damu. Ndiyo maana mtu anayeishi kwa jasho la wenzake huitwa kupe.

Papasi, ambaye wataalamu humwita Ornithodoros moubata, hana gamba hilo. Ngozi yake ni ya mikunjo, na makao yake ni nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, akamfyonza aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha akarejea ufani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo yamfaa chawa, haimfai papasi: kunapopambazuka, nguo zikung'utwe vipi, yeye hayumo.

Mdudu huyu ndiye aletaye homa ya papasi. Homa hiyo husababishwa na vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama parafujo, viitwavyo Borrelia duttonii. Jina hilo ni ukumbusho wa Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa hiyo nchini Kongo pamoja na John Todd, akaambukizwa, akafariki huko Kasongo mwaka 1905. Ilidhihirika pia kwamba papasi jike huweza kuwarithisha wanawe vijidudu hivyo kwa njia ya mayai. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na hatari kwa miaka mingi.

Hila ya maradhi haya imo katika mwendo wake. Homa hupanda ghafla, hudumu siku chache, hushuka yenyewe, na baada ya juma moja hivi hurudi. Mgonjwa aliyemeza dawa ya malaria hudhani amepona, kumbe bado. Kwa mama mjamzito homa hii yaweza kuharibu mimba. Akilalamika kwamba ameumwa na kunguni, daktari huenda asishuku lolote. Akimtaja papasi, damu yake itapimwa homa ingali juu, naye atapewa dawa ifaayo.

Sakafu ya saruji, kuta zisizo na nyufa na kitanda kilichoinuka kutoka ardhini ni kinga njema. Lakini kinga hutanguliwa na kumtambua adui. Hivyo mtunga kamusi asitosheke kuandika "mdudu mdogo anyonyaye damu", maana maelezo hayo yawafaa wote watatu, wala hayamwokoi mgonjwa hata mmoja.