Foto 600 ni bei gani? Usihesabu paka karatasi

Mu nyumba nyingi za watumikaji wa mine, kuna foto moja isiyotoka ukutani: papa amesimama wima, kofia ya kazi kichwani, matrikule kifuani. Watoto wanahama, viti vinavunjika, foto inabaki. Leo tunasema juu ya foto za namna hiyo, lakini kwa upande wa yule anayezitoa kwenye mashine. Tulienda kumuona kijana mumoja mupiga-foto wa Katuba, hapa Lubumbashi. Hesabu aliyotuonyesha mu kaye yake inafaa kusomwa na kila jamaa iliyo na mutu anayeuza kitu.

Papa yake alitumika mu mine mpaka miguu ikachoka. Alipopata dekonte ya mwisho, akatoa dola 1 200 na kununua mashine ya kutoa foto. Akamuambia mwana: "Hii njo pansio yangu. Ikikufa, tutakula nini?"

Siku moja, sosiete moja inayotumikia mine ikamuita. Watumikaji wake 600 walimaliza muda murefu bila ajali, na wakubwa walitaka kila mumoja apewe foto yake, ya sentimita 15 kwa 20, ndani ya bahasha yenye jina lake, aipeleke nyumbani. Kazi ya kupiga foto ililipwa mbali. Ilibaki kuzitoa kwenye karatasi. Mu studio yake, foto moja ya kipimo hicho ni dola 2. Lakini mukubwa wa manunuzi akamuambia: "Mwana, hatukuletei foto kumi, ni mia sita. Utatufanyia senti 80."

Kijana akapiga hesabu mbio mbio kichwani. Sanduku moja la karatasi na utepe wa rangi linamugharimu dola 180, na linatoa foto 400. Basi foto moja ni senti 45. Akiuza kwa senti 80, anabaki na senti 35, mara 600: dola 210! Alikuwa karibu kutoa mukono. Alituambia: "Nilisikia paka ile hesabu ya mia sita, kichwa ikazunguka."

Bahati nzuri aliomba siku mbili. Jioni papa akamuuliza swali moja tu: "Na siku zako, nani analipa?"

Wasomaji wetu wengi wanalijua swali hilo. Muchimbaji wa mukono anajua kama mufuko wake haulipwi kwa uzito peke. Mununuzi anatoa maji, anapima teneri, kisha njo anasema bei. Na yule anayesahau kuhesabu chakula, vyombo na mubebaji, anarudi nyumbani na feza mukononi, lakini faida hakuna.

Basi wakakaa, papa na mwana, wakaandika kila kitu.

Kwanza karatasi. Foto 600 ni rulo tatu kamili, za foto 200 kila moja. Lakini nani ametoa foto 600 bila kuharibu hata moja? Vumbi inaingia, umeme wa SNEL unakatika katikati ya kazi, jina linakosewa. Waliweka 30 za kuharibika. Tena muuzaji hauzi nusu sanduku, kwa hiyo ni lazima kununua mawili.

Pili, siku. Hapa njo kosa la wengi. Mashine yenyewe ni ya mbio. Foto 600 inazimaliza kwa saa chache. Kazi iko mu nyuso. Kofia inatupa kivuli machoni, utepe unaong'aa wa jile unarudisha mwangaza wa flashi, na ile rangi kali ya machungwa haitoki kwenye karatasi sawa vile jicho linaiona. Kila uso unaomba dakika 4 za kurekebisha. Dakika 4 mara 600 ni saa 40, ndiyo siku tano za kazi. Ongeza siku moja ya kutoa foto, kuchagua na kulinganisha majina na matrikule. Hapo hakuna kukosea: mama hawezi kufungua bahasha na kukuta bwana wa mwingine.

Hii njo hesabu yao:
- karatasi na rangi, foto 630: dola 284;
- bahasha 600: dola 60;
- esanse ya grupu: dola 40;
- safari za kupeleka: dola 30;
- musaidizi, siku 6: dola 48;
- kuchakaa kwa mashine: dola 38;
- mushahara wake mwenyewe, siku 6: dola 120.

Jumla: dola 620.

Juu ya kuchakaa, papa alisema hivi: mashine ya dola 1 200, kama itatoa foto 20 000 mbele ya kufa, kila foto inakula senti 6 za mashine. Usipoziweka pembeni, siku itakapokufa hautakuwa na ya kununulia ingine.

Sasa linganisha. Kwa senti 80, sosiete ingelipa dola 480. Kijana angetumika siku sita bure, kisha angetoa dola 20 mu mufuko wake, akiamini kama amepata kazi kubwa.

Wakaongeza sehemu ya 20 kwa mia, kwa faida na kwa mambo yasiyojulikana. Ikatoka dola 744. Akaandika dola 1 na senti 25 kwa foto, dola 750 kwa zote.

Mutu atauliza: mbona si dola 2 kama mu studio? Juu kazi kubwa inapunguza gharama kweli kweli. Kipimo ni kimoja, mashine inapangwa mara moja, hakuna kungojea kliya mulangoni. Kile ambacho kimepungua, umupe kliya. Kile ambacho hakikupungua, hauwezi kukipunguza kwa maneno. Karatasi ya foto ya mia sita inagharimu sawa na ile ya foto ya kwanza.

Mukubwa wa manunuzi hakufurahi. "Bei ya mwisho ni ngapi?" Kijana hakukata bei ovyo. Alijibu: "Patro, tuangalie kitu gani tunaweza kutosha." Sosiete ilikuwa na motokari inayokuja mujini kila siku. Ikichukua foto yenyewe, dola 30 za safari zinatoka. Wakapatana kwa dola 1 na senti 20, ndiyo dola 720. Bei ilishuka, na kazi ilishuka pamoja nayo.

Kisha akaomba mambo matatu kwa maandishi. La kwanza, avansi ya nusu. Dola 360 ni bei ya masanduku mawili kamili. Kwa hiyo hata kama sosiete ingechelewa kulipa nusu ya pili, sawa vile nyingi zinavyofanya, hangeingia deni kwa muuzaji wa karatasi. La pili, atoe foto tano za mufano, mukubwa atie sahihi nyuma ya ile anayoikubali, ili kesho asiseme rangi ni mbaya. La tatu, bei ni ya karatasi tu. Kama sosiete inataka kutumia foto zile kwa matangazo, hilo ni patano lingine. Sheria ya inchi yetu, ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda haki ya mwenyi kutunga kazi, na mupiga-foto ni mumoja wao. Na sisi tunaongeza: mutumikaji naye aulizwe. Uso ni wake.

Neno moja juu ya TVA, ile 16 kwa mia: kama haujaandikwa mu hesabu ya walipaji wa TVA, usiiandike kwenye faktire. Kama umeandikwa, useme mapema kama bei ni pamoja nayo ao bila yake.

Tunajua si kila jamaa iko na mupiga-foto. Lakini kuna mama anayepikia kantini mikate, kuna mushonaji anayeombwa nguo za kazi mia mbili, kuna seremala wa viti vya masomo. Komande kubwa ikifika, musiogope, lakini musijibu siku ile ile. Muchukue kaye, muandike na siku zenu.

Foto 17 ziliharibika, si 30. Bahasha 600 zilihesabiwa mara mbili kisha zikapanda motokari. Papa hakuuliza faida ni ngapi. Aliuliza kama mashine ingali inatembea. Inatembea.